Gogo la Mama

Jumatatu, 10 Februari

Umande mwingi. Soksi zimelowa kabla sijafika barabarani, nimeshinda nazo hivyo hivyo mpaka zikakaukia mguuni. Kwenye gogo kuna uyoga mpya upande wa kijitoni, mweupe, umepangana kama sahani zilizooshwa. Nimekata wa kutosha kikombe kimoja. Mdogo nimeuacha. Nimechemsha na chumvi kidogo, nikachuja, nikamwekea Mama kwenye kikombe chake cha bati cha bluu. Amekunywa zaidi ya nusu.

Miche mgongoni mwa gogo inaendelea. Mrefu kuliko yote umefikia urefu wa rula yangu.

Gogo hili lilikuwa mti wa msitu. Babu alipofungua shamba aliuacha huo mmoja. Ulianguka kwa upepo nikiwa darasa la tatu. Baba alikata matawi kwa kuni, shina likamshinda, msumeno ukaisha meno. Tangu hapo limelala chini ya migomba na Mama amelifanya kiti chake. Kwenye kichwa kinene gome limelainika kwa kukaliwa.

Leo hakwenda kukaa. Amesema kesho.

Jumatano, 12 Februari

Siku mbaya. Mwalimu wa Biolojia ameuliza: msituni chini kuna giza na majani yamejaa, je, mbegu ya mti inaota wapi kwa urahisi? Nilijua. Nilijua kabisa, ila mkono haukunyanyuka. Lusajo, ambaye nyumba yao iko juu ya yetu, akasema kwa sauti, "Mwalimu, muulize Profesa Uyoga! Kila asubuhi amepiga magoti kwenye gogo lao, utadhani anaungama." Darasa zima wakacheka. Mwalimu akasema haya Sekela, tuambie. Nikasema, kwenye mti uliooza. Akasema hajasikia. Nikarudia, sauti ikatoka ndogo kuliko ya kwanza. Kengele ikalia.

Nalichukia jina hilo. Najichukia na mimi, kwa sababu nina umri wa miaka kumi na sita na siwezi kusema sentensi moja mbele ya watu.

Jibu nililotaka kutoa ni hili. Chini, mche unagombania nafasi na magugu, na udongo wenyewe una magonjwa yanayoua mbegu changa. Juu ya gogo kuna nafasi na mwanga kidogo. Kuvu inatangulia. Inaingia kwa nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa kushonea, inaulainisha mti kutoka ndani. Uyoga tunaouona ni tunda lake tu. Gogo likishalainika linashika maji kama sifongo. Juu yake unakuja ule utando wa kijani unaoteleza, na mbegu ikiangukia hapo haiondoki. Inaota.

Hapa nimeandika vizuri. Darasani sikuweza.

Jumamosi, 15 Februari

Mama ametembea mpaka kwenye gogo. Nilimshika kiwiko. Amekuwa mwepesi, nimeogopa wepesi wake.

Tulikaa mpaka jua likafika kwenye migomba ya chini. Nilimsomea yale ya nyuzi nyeupe, nikitafsiri, maana kitabu ni cha Kiingereza. Nikabandua kipande cha gome nikamwonyesha zilivyosambaa. Aliziangalia sana. Akasema, "Kumbe uyoga unatafuna, mche unameza." Nikasema ndiyo, karibu hivyo. Akacheka kwa pua. "Basi gogo limenizidi. Lenyewe lina wa kulitafunia."

Sikujua kama nicheke. Nimecheka. Sasa naandika na nalia.

Koo la Mama linafunga. Lilianza mwaka jana na ugali, likaja ndizi, ukaja uji. Januari walimrudisha kutoka hospitali ya Mbeya. Baba alisema amepewa mapumziko. Sikuuliza mapumziko ya nini. Supu ya kuku inamtapisha, maziwa yanamkaba. Mchuzi wa uyoga wa gogo hili ndio unapita. Hakuna anayejua kwa nini. Pengine kwa sababu aliuchuma tangu mtoto, kwao Ikuti.

Sheria za gogo amenifundisha yeye: kata kwa kisu, using'oe. Mdogo uache. Na usikanyage mgongoni.

Jumapili, 23 Februari

Bibi amekuja kutoka Ikuti kwa bodaboda, amebeba kapu la magimbi ambayo Mama hawezi kula. Ni mama yake Mama. Alipomwona kitandani hakulia. Alivua viatu, akakunja mikono ya sweta, akasema, "Kalai liko wapi? Lete na maji ya moto." Akamwogesha kama mtoto mchanga. Mimi nilishika taulo. Mgongo wa Mama unaonyesha mifupa yote.

Baba alikuwa nje anapasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Baba hagusi uyoga. Kwao walimzika dada yake mdogo kwa uyoga mbaya, kabla hajaoa. Nikipika anatoka jikoni. Anamwangalia Mama akinywa kile kikombe kama mtu anayeangalia mtoto akivuka daraja la mti mmoja. Lakini hajawahi kukataza.

Jumamosi, 1 Machi

Mama hawezi tena kufika kwenye gogo. Kwa hiyo tumeanza kitu kipya. Nikirudi asubuhi ananiuliza, "Gogo limelalaje?" Kama wazee wanavyosalimiana hapa kijijini. Namjibu kuwa limelala salama, linawasalimu. Halafu natoa taarifa: uyoga uko wapi, mche upi umeongeza jani, konokono amekula nini. Anafumba macho anasikiliza. Nikimaliza haraka anasema, "Na upande wa kichwani?"

Napenda dakika hizo kuliko kitu chochote. Kwake naongea bila kukwama.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Mvua imetukimbia siku nyingi sasa, jambo geni huku kwetu mwezi wa tatu. Utando wa kijani umekuwa rangi ya kahawia. Uyoga wa zamani umekauka mpaka unalia ukiuvunja. Mpya hakuna.

Mama leo maji ya kijiko tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeteka maji kijitoni kwa ndoo na kulimwagia gogo lote. Asubuhi na jioni. Baba ameniona. "Unamwagilia kuni?" Niliinamisha ndoo tena. Alisimama kidogo kama anataka kusema kitu kingine, akaenda kwenye shamba la chai.

Sekela, kunywa, kunywa. Nilikuwa nasema hivyo kwa gogo. Nikajishtukia natumia jina langu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemdanganya Mama. Ameuliza gogo limelalaje, nikasema uyoga umejaa, mchanga mno, haujafika kukatwa. Akasema vizuri, usiharakishe. Nimetoka nje nikakaa nyuma ya jiko.

Sitaki afe. Ndivyo ilivyo. Kila ninachofanya na ndoo maana yake ni hiyo.

Jumapili, 16 Machi

Mvua! Imeanza tukiwa kanisani, ikapiga bati mpaka mchungaji akanyamaza na sisi tukakaa tu kumsikiliza Mungu wa mvua. Lusajo alinigeukia kutoka benchi la mbele akanong'ona, "Profesa, gogo lako linashangilia." Sikukasirika. Nilitaka kumjibu. Sikumjibu.

Jumatano, 19 Machi

Umetoka. Upande wa kichwani, karibu kabisa na mahali pake pa kukaa. Laini, pembeni umekunjamana kama sikio. Nimepika hapo hapo.

Amekunywa mafunda matatu. Bibi alisimama mlangoni na kanga mdomoni.

Mama akaniambia nisogee. Akasema, "Uliniambia umejaa." Nikainama. Akasema, "Gogo haliwezi kuwa na uyoga kwa jua lile, mwanangu. Nililiona jua kwenye dirisha." Hakukasirika. Akashika kidole changu kimoja, akalala nacho. Nilichelewa shule na sikujali.

Jumanne, 25 Machi

Kikombe kimerudi kimejaa. Amelowesha midomo tu.

Bado ameuliza gogo limelalaje. Nilipomaliza taarifa akasema kwa shida sana kwamba miche ile nisiihamishe. Nilikuwa na wazo la kuipanda kwenye udongo, niliwahi kumwambia. "Iache hapo hapo. Gogo halijamaliza."

Alhamisi, 27 Machi

Mama amefariki. Alasiri. Nilikuwa darasani, kipindi cha Historia. Baba alikuja mwenyewe, na koti la mvua, akasimama dirishani. Hakuniita. Nilimwona, nikakusanya madaftari.

Jumapili, 30 Machi

Tumemzika jana. Nitaandika yote, polepole, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Kwanza, Baba. Wazee walimuuliza azikwe wapi. Walitarajia juu, karibu na Babu, penye makaburi ya saruji. Baba akasema, "Pale chini, anapopendaga kukaa." Alisema hivyo tu. Nilikuwa sebuleni nikasikia, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilipumua. Nilifikiri: atakuwa na gogo lake.

Jana asubuhi sisi wafiwa tulikuwa ndani. Huku kwetu mfiwa wa kike hatoki. Nilikaa mkekani miguu nimeinyoosha, kanga kichwani, bega langu limegusana na bega la Bibi, na Mama mbele yetu amefunikwa. Chumba kimejaa wanawake mpaka mlangoni. Waliimba, wakaacha, wakaimba.

Katikati ya wimbo na wimbo nikasikia kutoka kwenye migomba sauti za vijana wanaochimba. Majembe. Utani, maana wachimbaji lazima wataniane: mmoja aliambiwa anachimba kama anatafuta kiazi cha mkwe wake. Halafu sauti ya mzee mmoja, nadhani mzee wa kanisa: "Na hilo lililooza hapo? Huyu mama alikuwa msafi. Hatuwezi kumlaza karibu na uchafu. Liondoeni, watu wapate pa kusimama." Na kijana akajibu, "Sawa, mzee. Leteni mtaimbo."

Nilielewa mara moja.

Nilitaka kusimama. Ningehitaji kuvuka miguu ya wanawake wote wale, kutoka mlangoni, kupita mbele ya wanaume wote waliokaa kwenye viti chini ya turubai, na kupaza sauti. Nilifungua mdomo. Nilimgeukia Bibi, nikasema, "Bibi, gogo." Akafikiri nalia, akanivutia kifuani. Wimbo ukaanza tena.

Walisukuma kwa kuhesabu. Moja, mbili, sukuma! Nilisikia likinyanyuka, sauti ya kitu kilowevu kinachobanduka ardhini. Kisha likaanza kubiringika bondeni kupitia magimbi, likipiga, likipiga. Vijana wakapiga mluzi. Halafu kule chini, mlio mmoja wa kuvunjika.

Mama alikuwa mbele yangu na sikusema kitu.

Tulipomshusha, palikuwa peupe. Pamefagiliwa. Palikuwa pazuri, naweza kusema ukweli huo. Maua ya plastiki, udongo mweusi, watu wamesimama vizuri. Alama ya gogo ardhini ilikuwa imefukiwa.

Jumatano, 2 Aprili

Waombolezaji wengi wameondoka. Wanawake wamefagia, wamekung'uta mikeka, wamerudisha sufuria za watu kila mmoja na yake. Mmoja aliosha kikombe cha bluu akakiweka na vikombe vya wageni. Nimekitoa.

Nimeteremka bondeni. Gogo limevunjika vipande vitatu. Kimoja kiko ndani ya kijito, maji yanapita juu yake. Cha pili kimelala kifudifudi, miche yote iko chini yake. Nimeona jani moja tu limetokeza pembeni, limeshaanza kuwa jeusi. Cha tatu ni kile cha kichwani, alichokuwa anakalia. Kimekwama kwenye kisiki, mgongo juu. Miche mitatu imesimama. Mmoja umekatika ncha.

Ndani ya palipovunjika ni pekundu na panameguka kama mkate, na nyuzi nyeupe zimejaa kila mahali. Zilikuwa hai. Sikujua kama nyuzi zinaweza kuvunjika na kuendelea. Kitabu hakisemi.

Lusajo alinikuta huko. Alikuja kuchota maji. Aliangalia gogo, akaniangalia. Alisema, "Tulisukuma mimi na kaka. Mzee alituambia." Akasema, "Sikujua kama lilikuwa... Ungesema, Sekela."

Hakusema Profesa.

Nilitamani kumpiga. Yuko sahihi, ndiyo maana.

Jumatatu, 7 Aprili

Shule. Kila mtu amenipa pole. Mwalimu wa Biolojia amenipa daftari jipya. Nimesema asante, nadhani amesikia.

Asubuhi niliamka nikachukua kisu na bakuli na nilikuwa nimeshafika mlangoni. Bibi akasema kutoka jikoni, "Unakwenda wapi?" Nikarudisha kisu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikuwa nimehamisha miche miwili kutoka kwenye kipande cha kifudifudi, ile iliyokuwa na mizizi. Niliiweka kwenye kopo la udongo mzuri, nikaiwekea kivuli. Imekufa yote. Mama alisema nisiihamishe.

Siongei na mtu. Baba naye haongei na mtu. Tunakula tukiangaliana vidole. Anakula nusu ya chakula chake, nusu anaifunika kwa sahani na kuiacha mezani, kama alivyokuwa anamwachia Mama akichelewa sokoni Tukuyu. Asubuhi Bibi anawapa kuku.

Jumatano, 16 Aprili

Baba Mkubwa amepiga simu kutoka mjini Tukuyu, anakaa mtaa wa Bagamoyo huko huko, ana duka la vifaa vya ujenzi. Anakuja Jumamosi na ndugu wengine kwa kikao cha kumaliza msiba. Analeta saruji na marumaru. Anataka kaburi la shemeji yake lijengewe kabla ya Pasaka, lipendeze. Ni mtu mwema. Amelipia hospitali.

Nimeenda kusimama pale. Udongo umeanza kutitia. Kwenye ukingo kuna kipande cha gome kilichobaki, ukubwa wa kiganja. Nikakigeuza. Nyuzi nyeupe zimetoka kwenye gome zinaingia kwenye udongo wa kaburi.

Ikiwekwa saruji zitakufa. Na kile kipande cha kichwani hakitapata pa kurudi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Ibada ndefu. Nimeandika nitakachosema kesho, nikachana karatasi. Nikiandika naweza kila kitu, ndiyo shida yenyewe. Kesho hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimesema.

Walikuwa wamekaa sebuleni, Baba, Baba Mkubwa, mzee wa kanisa, shangazi wawili, Bibi kwenye kigoda. Nilikuwa namimina chai. Baba Mkubwa anaeleza marumaru ya kijivu yanavyodumu, wote wanaitikia ndiyo, ndiyo. Nikafika kwa Baba na birika, nikamimina, kikombe kikajaa, nikaendelea kumimina mpaka ikamwagika sahanini na mezani. Shangazi akasema, "We mtoto, unaota?"

Nikasema, "Naomba lisijengewe." Sikusikika. Nikaweka birika chini. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mno, kama nagombana: "Naomba kaburi la Mama lisijengewe. Naomba gogo lirudi."

Baba Mkubwa akauliza, bila ubaya, "Gogo gani, mama?"

Nikaeleza. Vibaya, kwa kurudia, nikiangalia birika. Kwamba alikuwa anakaa pale. Kwamba mchuzi ulitoka pale na ndio uliomfikisha Machi. Kwamba alisema miche isihamishwe kwa sababu gogo halijamaliza. Kwamba kipande cha kichwani bado kizima, kikilazwa juu yake miche itaendelea. Kwamba nilikuwa ndani siku ile na nilisikia kila kitu.

Mzee wa kanisa akakohoa. Akasema, "Tulifanya kwa heshima, binti." Nikasema najua, mzee. Najua kweli.

Baba Mkubwa akasema gogo litaoza, ng'ombe watalikanyaga, miaka kumi ijayo hakuna atakayejua kaburi liko wapi.

Nikasema miaka kumi ijayo kutakuwa na mti.

Shangazi akaanza kusema mambo ya watoto wa siku hizi. Bibi akamkata kwa mkono. "Huyu aliyelala pale nimemzaa mimi. Mtoto wake amesema. Basi, msikilizeni."

Wote wakamgeukia Baba. Alikuwa anaangalia chai iliyomwagika. Akasema, "Nilisema azikwe pale kwa sababu ya hilo gogo." Akaifuta kwa kiganja. "Niliona siku ile ile kuwa halipo. Nikaona aibu kuuliza. Watu walikuwa wamejitolea, wana matope mpaka usoni. Nikanyamaza."

Miaka yote hii nilidhani ukimya wangu niliutoa kwenye vitabu. Nimeutoa kwa Baba.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Kipande kimerudi.

Baba, Lusajo na kaka yake, mzee wa kanisa na fimbo yake akielekeza. Walitengeneza machela ya miti miwili na kamba za migomba. Nilitangulia nikishika miche isipigwe na majani. Kupanda ni kazi, kila mara waliteleza. Kaka yake Lusajo akasema, "Kushuka lilikuwa halina uzito huu." Lusajo akamwambia, "Lilishuka bila ruhusa." Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana. Kisha akageuza uso.

Saruji ya Baba Mkubwa imejenga ukingo mdogo wa mawe kuzunguka, ng'ombe wasiingie. Katikati ni udongo, na juu ya udongo kipande cha gogo, kichwa kikiwa upande wa kichwa chake. Mahali pake pa kukaa panaonekana.

Mche uliokatika ncha ulikuwa umeshakufa. Mmoja umeanguka njiani na mizizi yake, hatukuona lini. Umebaki mmoja. Ni mdogo kuliko ile yote, hata sikuwahi kuutolea taarifa.

Lusajo alipoondoka alisema, "Haya, Profesa." Nikasema, "Asante kwa kubeba." Ni sentensi ya kwanza niliyowahi kumwambia.

Jumamosi, 3 Mei

Bibi amerudi Ikuti. Asubuhi alifunga kapu lake, akapita kaburini peke yake. Hakutaka nimsindikize huko. Kwenye bodaboda alikaa upande, akaishika kanga, akanipungia bila kugeuka.

Nyumba kubwa sana.

Mvua kila siku. Naenda asubuhi, nauliza limelalaje, najijibu mwenyewe. Hakuna uyoga. Labda safari ile ya bondeni imeua nyuzi. Labda ni muda.

Jumapili, 11 Mei

Ukungu mpaka saa nne. Baada ya kanisa nilipita kaburini na nguo zangu nzuri. Umetoka. Kidogo, upande wa chini, ambapo gogo linagusana na udongo. Mche mdogo umeongeza jani, limekunjwa bado.

Nilichukua kisu. Nilikata mkubwa, mdogo nikauacha.

Nilipika kama siku zote. Chumvi kidogo, nikachuja. Mikono ilichukua kikombe cha bluu yenyewe, na nilipogundua nilikuwa nimeshamimina. Nikakiweka mezani kwa sababu sikujua pa kukiweka.

Baba aliingia kutoka kwenye chai, koti linadondosha maji. Akakiona. Nikafikiri atatoka. Akavuta kiti, akakaa, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Alikinusa. Nilimwambia ni ule ule, Baba, naujua. Akaitikia kwa kichwa. Akanywa funda dogo, akangoja, akanywa tena. Alikunywa chote. Alichukua muda mrefu.

Akasema, "Kumbe ndicho alichokuwa anakunywa."

Nikasema ndiyo.

Hakuacha kitu cha kufunika. Nimeosha kikombe, nimekigeuza kwenye kichanja, mahali pake.